Kromu, Mapezi na V8: Mvuto wa Magari ya Kimarekani ya Baada ya Vita

Magari ya Kimarekani yanayotafutwa zaidi na wapenzi wa magari ya zamani yaliundwa katika kipindi kisichofika hata miaka thelathini, tangu viwanda viliporudia kazi ya magari ya kiraia mwaka 1945 hadi mgogoro wa mafuta wa 1973. Ndani ya kipindi hicho umo muongo mmoja, 1949 hadi 1959, ambao magari yake hutambulika kwa mbali hata na mtu asiyejua jina la gari lolote: boneti ndefu, bampa nzito ya kromu, bodi ya rangi mbili, matairi yenye mstari mweupe ubavuni, na mapezi yanayochomoza nyuma juu ya taa. Umbo hilo ndilo linalovuta jicho. Kinachowafanya watu wayahifadhi magari hayo, wayafufue na kuyaendesha hadi leo kimejificha chini ya bodi: mitambo minene na rahisi, ambayo fundi wa kawaida anaweza kuifungua na kuifunga kwa spana chache. Bodi iliundwa ili itamanike kwa mwaka mmoja au miwili tu. Injini na chesi vikadumu miaka hamsini na zaidi.

Njaa ya magari

Februari 1942, miezi miwili baada ya Marekani kuingia vitani, viwanda vya Detroit viliacha kabisa kuunda magari ya kiraia. Vikageukia malori ya jeshi, vifaru, injini za ndege na mizinga. Ford ilitoa ndege nzima za kivita aina ya B-24 katika kiwanda cha Willow Run, Michigan. Kwa zaidi ya miaka mitatu raia mwenye gari alilitunza kwa viraka, huku petroli na matairi vikiuzwa kwa mgao. Vita vilipokwisha, watu walikuwa na akiba ya fedha ambayo hawakuwa na pa kuitumia, askari walikuwa wanarudi nyumbani kuoa na kujenga, na magari hayakuwapo. Ford ilirudia kazi Julai 1945, na kampuni nyingine zikafuata. Magari ya kwanza yalikuwa yale yale ya 1942 yaliyobadilishwa sura kidogo, lakini wanunuzi waliandikisha majina na kusubiri kwa miezi.

Njaa hiyo ilimpa nafasi Preston Tucker, aliyeanzisha kiwanda Chicago na kubuni gari lenye injini nyuma, dashibodi iliyovikwa sponji, na taa ya tatu katikati ya uso iliyogeuka pamoja na usukani. Magari 51 tu yaliundwa kabla kampuni haijaanguka chini ya mashtaka ya udanganyifu. Mahakama ilimwachia huru Januari 1950, lakini kiwanda kilikuwa kimekwisha. Karibu magari yake yote yapo hadi leo, jambo la nadra kwa gari lolote la zama zile.

Mabadiliko makubwa yalianza na magari ya mwaka wa 1949. Ford ilitoa gari lenye ubavu ulionyooka kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, bila yale mapaja ya matairi yaliyotuna pembeni kama ya magari ya miaka ya 1930. Na katika mwaka huo huo General Motors ilitoa injini mbili zilizobadilisha mwendo wa magari ya Marekani yote.

Injini na mlio wake

Kabla ya hapo injini nyingi za Kimarekani zilikuwa na valvu pembeni mwa silinda. Muundo huo ni wa bei nafuu, lakini unaibana injini isipumue vizuri. Cadillac na Oldsmobile za 1949 zilipata injini za silinda nane zenye valvu juu, ambazo zilivuta hewa kwa urahisi na kubana mchanganyiko wa petroli kwa nguvu zaidi. Ya Cadillac ilikuwa na ujazo wa lita 5.4 na nguvu za farasi 160. Ya Oldsmobile ilipewa jina la Rocket, na ilipotiwa katika bodi nyepesi ikawa gari la 88, lililokuwa na kasi kuliko magari mengi ya bei ya juu. Chrysler ilijibu 1951 kwa injini ya nguvu za farasi 180.

Injini iliyoeneza uwezo huo kwa watu wa kipato cha kawaida ni ile ya Chevrolet ya 1955. Mhandisi mkuu Ed Cole na wenzake walitengeneza V8 ya lita 4.3 iliyokuwa nyepesi kuliko injini ya silinda sita ya kampuni hiyo hiyo, rahisi kuundwa, na yenye nguvu za farasi 162 katika toleo la kawaida. Gari la mwalimu wa shule au karani sasa liliweza kupanda mlima bila kubadili gia. Miaka miwili baadaye, toleo la lita 4.6 lililofungwa mfumo wa kupuliza petroli lilifika nguvu za farasi 283. Injini za ukoo huo ziliendelea kuundwa kwa zaidi ya nusu karne, na mwaka 2011 General Motors ilitangaza kwamba imefikisha injini milioni 100. Hakuna mtambo wa gari wa Kimarekani uliostahili sifa zaidi ya huo.

Mlio wa V8, ambao wapenzi wengi wanausifu kabla hata ya kutaja umbo la gari, una sababu ya kimitambo. Silinda nane zimepangwa katika safu mbili za nne nne zinazoelekeana kwa pembe. Krenki imeundwa ili mlipuko utokee kila inapozunguka nyuzi 90, kwa hiyo injini nzima huzunguka kwa ulaini. Lakini ukisikiliza safu moja peke yake, milipuko yake haiji kwa vipindi sawa: miwili hukaribiana, mwingine huchelewa. Kila safu ikiwa na bomba lake la moshi, kutolingana huko husikika nje kama mngurumo mzito wenye mapigo, hasa injini inaponguruma polepole gari likiwa limesimama.

Pamoja na V8 zilikuja gia za otomatiki. General Motors ilikuwa imeuza Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya 1940, na wakati wa vita gia hizo zilitumika katika vifaru vyepesi. Kifaru ni mtihani mkali kuliko safari yoyote ya mjini, na baada ya vita kampuni haikuona haya kulitangaza hilo. Chevrolet ilipata otomatiki yake, Powerglide, mwaka 1950. Dereva wa Kimarekani akazoea kuendesha kwa kanyagio mbili, mkono mmoja ukiwa juu ya mlango, ameketi kwenye kiti kipana cha benchi kilichowatosha watu watatu mbele.

Harley Earl na biashara ya umbo

Mtu aliyeathiri sura ya magari hayo kuliko mwingine yeyote ni Harley Earl, aliyezaliwa Hollywood mwaka 1893 katika familia ya waunda mabodi. Baba yake alianza na magari ya farasi, kisha karakana ikawa inawatengenezea nyota wa filamu magari ya pekee. Mwaka 1927 Alfred Sloan, mkuu wa General Motors, alimleta Earl Detroit aongoze idara mpya ya usanifu. Sloan alikuwa na hoja rahisi: kampuni ikibadilisha sura ya gari kila mwaka, mwenye gari zima ataliona gari lake limezeeka kabla halijachakaa, naye atarudi dukani. Earl ndiye aliyeipa hoja hiyo mwili. Aliwafundisha wasanifu kutengeneza mifano kamili ya udongo wa mfinyanzi, ya ukubwa wa gari halisi, ili mikunjo na mingʼao ipimwe kwa macho kabla bati halijakatwa. Kila mara aliagiza gari liwe refu zaidi na la chini zaidi.

Mapezi yalitokana na ndege ya vita. Mwaka 1941 Earl aliwapeleka wasanifu wake kwenye uwanja wa jeshi karibu na Detroit kuiangalia ndege mpya ya Lockheed P-38, yenye mikia miwili. Walirudi na umbo lake vichwani, na vita vilipokwisha likajitokeza katika Cadillac ya 1948 kama vinundu viwili vidogo juu ya taa za nyuma. Wanunuzi walivipenda. Kufika katikati ya miaka ya 1950 kila kampuni ilikuwa na mapezi yake, na kila mwaka yalipanda.

General Motors ilijua kuuza hamu. Maonyesho yake ya Motorama yaliyozunguka miji mikubwa, yakianzia katika hoteli ya Waldorf-Astoria ya New York, yaliwaonyesha watu magari ya ndoto yaliyopambwa kwa muziki na wachezaji. Corvette ya 1953 ilitoka huko. Magari 300 ya mwaka huo yaliundwa kwa mkono mjini Flint, yote meupe na ndani mekundu, bodi ikiwa ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo badala ya bati. Gari hilo lilikuwa zuri na zito kwa mwendo, kwa kuwa lilipewa injini ya silinda sita. V8 ya 1955 na mhandisi Zora Arkus-Duntov ndio walioliokoa.

Upinzani ulitoka Chrysler. Virgil Exner, msanifu wake mkuu, alitoa mwaka 1957 magari ya chini, membamba, yenye mapezi marefu yaliyoanza mlangoni na kupanda taratibu hadi nyuma. Kwa macho ya wengi ndiyo magari mazuri kuliko yote ya muongo ule, ingawa yaliharakishwa kiwandani na mengi yakaingia kutu mapema. Agosti 1956, kabla hayajatoka, Chuck Jordan, msanifu kijana wa General Motors, alipita karibu na kiwanda cha Chrysler akayaona yamepangwa nyuma ya uzio. Aliwaita wenzake nao wakaenda kuchungulia. Michoro waliyokuwa wameiandaa kwa ajili ya mwaka 1959 ikaonekana minene na ya kizamani papo hapo. Earl alikuwa safarini Ulaya, na naibu wake Bill Mitchell akaruhusu kazi ianze upya.

Matokeo yake ni Cadillac ya 1959, gari lenye mapezi marefu kuliko gari lolote lililowahi kuuzwa kwa wingi, na katika kila pezi taa mbili nyekundu zenye ncha kama risasi. Ina urefu wa mita 5.7, upana wa mita mbili, uzito unaozidi tani mbili, na injini ya lita 6.4. Eldorado Biarritz, toleo la wazi lenye paa la kukunja, ziliundwa 1,320 tu. Kwa kipimo cha mahitaji ya usafiri gari hilo halina utetezi. Kama kazi ya chuma iliyochongwa, ni vigumu kusimama mbele yake bila kulizunguka.

Bel Air ya 1957 kwa karibu

Gari linalopendwa zaidi na warejeshaji, hata hivyo, si Cadillac. Ni Chevrolet Bel Air ya 1957, lililokuwa gari la familia. Lina urefu wa mita 5 na sentimita 8. Juu ya boneti kuna mapambo mawili yaliyochongoka mfano wa roketi, kila moja upande wake. Usoni kuna shoo pana ya matundu madogo madogo, na alama za Bel Air zimepakwa rangi ya dhahabu. Ubavuni, kuelekea nyuma, kuna kipande kirefu cha alumini yenye mistari kinachonenepa kadiri kinavyofika kwenye pezi. Mgeni akiambiwa ajaze mafuta atalizunguka gari zima akitafuta kifuniko cha tangi asikione: kimefichwa ndani ya ukingo wa kromu wa pezi la kushoto, ambao una kijimlango chake.

Boneti ikifunguliwa, kila kitu kinaonekana na kufikika. Injini imekaa katikati na pande zake zina nafasi ya kutosha mkono hadi kiwiko. Kabureta iko juu, chini ya chungu cha kichujio cha hewa. Plagi nane, waya nane, koili moja, na distribyuta yenye platini zinazofunguka na kufunga kuwasha cheche. Platini hizo zikilegea, gari linakosa nguvu. Mafundi wa zamani walizipima nafasi hata kwa kipande cha karatasi ngumu ya kiberiti na kuendelea na safari. Umeme ni wa volti 12. Chesi ni ya chuma, nayo imetenganishwa na bodi. Mbele kuna springi za mviringo, nyuma springi za majani na difu nzito. Hakuna kompyuta wala sensa. Tatizo la gari hili huweza kusikika, kunuswa au kuguswa.

Mwaka wake Bel Air hii haikushinda sokoni: Ford iliuza magari mengi zaidi ya toleo la 1957, kwa kuwa Ford ilikuwa mpya na Chevrolet ilikuwa imevaa bodi ya mwaka wa tatu. Heshima ilikuja baadaye, magari yalipokuwa ya mitumba na vijana walipogundua kwamba kwa fedha kidogo wanapata injini inayokubali kuongezwa nguvu.

Barabara, muziki na heshima

Magari haya yalikuwa na nchi ya kuendeshwa. Familia zilihama miji na kwenda kwenye vitongoji vipya kama Levittown ya Long Island, iliyoanza kujengwa 1947, ambako bila gari haikuwezekana kufika dukani wala kazini. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu za kuunganisha majimbo, mpango wa kilomita zipatazo 66,000 za lami pana isiyokatizwa na taa. Sinema za kutazamwa ndani ya gari zilizidi 4,000 mwishoni mwa muongo. Petroli iliuzwa kwa takriban senti 30 kwa galoni.

Kwa Wamarekani weusi gari lilikuwa na maana ya ziada. Katika majimbo ya kusini sheria iliwalazimisha kukaa viti vya nyuma vya basi na kumpisha mzungu. Ndani ya gari lake mwenyewe mtu mweusi alikaa alipotaka. Safari ndefu bado ilikuwa ya hatari, kwa maana hoteli, mikahawa na hata vituo vya mafuta vingi viliwakataa. Ndiyo sababu Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta wa Harlem, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha kila mwaka kilichoorodhesha mahali salama pa kulala na kula. Mgomo wa mabasi wa Montgomery, uliochukua siku 381 kuanzia Desemba 1955, uliwezekana kwa sababu ya magari: watu waliojitolea waliwasafirisha wagomaji kwenda kazini na kurudi, na makanisa yakanunua magari ya familia yenye nafasi kubwa nyuma. Kampuni za bima za huko zilipofuta bima za magari hayo, waandaaji walipata bima kupitia Lloyd's ya London. Mtu anayeeleza mapenzi ya Wamarekani weusi kwa Cadillac kama kupenda makuu tu anaiacha historia hiyo nje.

Muziki ulilijua hilo mapema. Mwezi Machi 1951, mjini Memphis, bendi ya Ike Turner ilirekodi "Rocket 88", wimbo wa kulisifu gari la Oldsmobile ulioimbwa na Jackie Brenston. Wanahistoria wengi huuhesabu miongoni mwa nyimbo za kwanza za rock and roll. Chuck Berry alipotoa "Maybellene" mwaka 1955, kisa chake kilikuwa mbio za Ford ya V8 ikiifukuza Cadillac. Filamu nazo ziliyavisha magari haya sura za watu: James Dean akiwa na Mercury ya 1949 katika "Rebel Without a Cause", na miaka mingi baadaye, mwaka 1973, "American Graffiti" ya George Lucas, iliyowarudisha watazamaji kwenye usiku mmoja wa 1962 na kuwasha upya biashara nzima ya kumbukumbu.

Gharama ya uzuri

Magari haya yaliua watu wengi. Usukani ulishikwa na fimbo ndefu ya chuma isiyokunjika, iliyoelekea kifua cha dereva. Dashibodi ilikuwa ya bati tupu lenye vitufe vilivyochomoza. Mikanda ilikosekana. Ford ilipoitoa kama nyongeza mwaka 1956, pamoja na usukani wenye shimo la kina na vitasa imara vya milango, wanunuzi wengi hawakuitaka. Breki za nyakati hizo zilikuwa za dramu magurudumu yote manne. Katika mteremko mrefu zilichemka na kupoteza nguvu. Mfumo wa mafuta ya breki ulikuwa mmoja, kwa hiyo bomba moja likipasuka breki zote zilikwenda. Mwaka 2009 taasisi ya bima ya Marekani inayopima usalama wa magari iligonganisha Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009. Sehemu ya dereva ya Bel Air ilikunjamana, wakati ya Malibu ilibaki karibu nzima. Dhana kwamba bati nene na uzito humlinda abiria ilianguka hapo.

Ralph Nader alikuwa amesema hayo katika kitabu chake cha 1965, "Unsafe at Any Speed", na mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya usalama wa magari. Soko nalo lilikuwa limeanza kuchoka. Edsel ya Ford, iliyotangazwa kwa kishindo Septemba 1957, iliingia sokoni wakati uchumi unashuka, ikafutwa Novemba 1959. Volkswagen ndogo kutoka Ujerumani ilikuwa inapata wanunuzi. Mapezi yalifupishwa mwaka hadi mwaka yakatoweka, na Lincoln Continental ya 1961, yenye ubavu mtupu na milango ya nyuma inayofunguka kinyume, ilionyesha kuwa utulivu pia unauzika. Hudson na Nash walikuwa wameungana 1954, Packard ikafa 1958, na Studebaker ilifunga kiwanda chake cha South Bend Desemba 1963.

Kipindi hakikuishia hapo, kwa sababu nguvu ziliendelea baada ya mapezi. Pontiac GTO ya 1964 iliweka injini ya lita 6.4 katika bodi ya wastani, na Ford Mustang, iliyozinduliwa tarehe 17 Aprili mwaka huo kwa bei ya dola 2,368, ilipata oda zipatazo 22,000 siku ya kwanza. Kilichovunja mlolongo huo ni sheria ya hewa safi ya 1970, bima ghali kwa vijana, na zuio la mafuta la Oktoba 1973.

Maisha ya pili

Magari ya zamani hayakubaki mikononi mwa waliofanana na wanunuzi wa kwanza. Huko Los Angeles, Wamarekani wenye asili ya Mexico waliyashusha hadi karibu kugusa lami na kuyaendesha polepole jioni za wikendi. Sheria ya California iliyoanza kutumika 1958 ilikataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini ya rimu. Fundi wa huko, Ron Aguirre, akaijibu 1959 kwa kufunga pampu za maji ya haidroliki zilizotoka kwenye ndege, ili gari lipande polisi wakitokea na kushuka wakipita. Gari lililoheshimiwa zaidi katika utamaduni huo ni Impala ya 1964 iitwayo Gypsy Rose, ya Jesse Valadez, iliyofunikwa mwili mzima kwa mawaridi yaliyochorwa kwa mkono juu ya rangi ya waridi. Mwaka 2017 iliwekwa katika kasha la kioo na kuonyeshwa katikati ya Washington. Nchini Sweden vijana wa vijijini waliyageuza magari hayo hayo kuwa alama yao, na mkutano wao wa kila mwaka mjini Västerås ulikua ukawa miongoni mwa mikubwa duniani kwa magari ya Kimarekani.

Kuba ni mfano wa kipekee kwa sababu huko upendo ulikuja baada ya lazima. Mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya Marekani vilikata uagizaji wa magari na spea, na hadi 2011 gari ambalo raia aliruhusiwa kuuza na kununua bila kibali ni lile lililokuwapo kabla ya mapinduzi. Makadirio hutaja takriban magari 60,000 yaliyobaki. Mengi hufanya kazi ile ile ya daladala: njia moja, nauli moja, abiria hupanda na kushuka. Mtalii huona Chevrolet ya 1955 iliyopakwa rangi upya. Chini ya boneti mara nyingi mna injini ya dizeli ya Kijapani au ya Kikorea, au ya Volga ya Kirusi, na gia boksi iliyolazimishwa kukubaliana nayo. Ustadi wa mafundi wa Havana unastahili kuandikiwa vitabu.

Afrika Mashariki magari haya ya mapezi yalikuwa machache, na sababu ni ya kifedha. Kabla ya vita Ford na Chevrolet za Kimarekani zilikuwa maarufu kwa walowezi na wafanyabiashara, kwa kuwa zilikuwa na nguvu na zilisimama juu ya mashimo. Baada ya 1945, Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa ndani ya eneo la pauni, ambako dola zilibanwa na bidhaa za Marekani zikahitaji kibali. Njia ikawa wazi kwa Land Rover, Austin, Volkswagen na Peugeot. Usukani wa kushoto ulikuwa kikwazo kingine. Bado magari ya Kimarekani yalijaribiwa hapa hadharani: katika mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki ya 1964, kikosi cha Mercury Comet zenye V8 kililetwa kupambana na matope na mawe. Mbili tu ndizo zilizofika mwisho, nyuma kabisa ya Ford Cortina ya Uingereza iliyoshinda. Kwa mashindano ambayo magari 21 tu yalimaliza kati ya zaidi ya 90, kufika kwenyewe kulikuwa ni sifa.

Kurejesha gari

Anayenunua gari la miaka ya 1950 ili alirejeshe hana budi kuanza na kutu, kwa sababu injini ni sehemu rahisi ya kazi. Kutu hukaa sakafuni, kwenye vizingiti chini ya milango, katika sakafu ya buti na pembe za nyuma, mara nyingi chini ya rangi inayongʼaa. Fundi wa bodi hukata bati lililokufa na kuchomelea jipya. Kromu ni gharama nyingine: bampa huondolewa kromu ya zamani kwa kemikali, hunyooshwa na kusuguliwa, kisha huzamishwa kwenye shaba nyekundu, ikafuata nikeli, na mwisho tabaka jembamba la kromu linaloupa mngʼao rangi ya samawati. Mapambo madogo yaliyomiminwa kwa aloi ya zinki ni magumu zaidi, maana huota vishimo kutoka ndani, na kila kishimo lazima kijazwe kwa mkono.

Wenye magari wamegawanyika katika namna ya kurejesha. Wapo wanaotaka kila skrubu iwe ya asili, na namba za injini na gia boksi zilingane na za chesi. Soko huwalipa vizuri. Wapo wanaoliacha gari na rangi yake iliyopauka kwa kuwa likishapakwa upya halirudi tena kuwa la mwanzo. Kundi la tatu huweka injini ya kisasa, breki za diski na kiyoyozi chini ya bodi ya zamani. Kwa gari litakaloendeshwa kila wiki, breki zenye mifumo miwili na mikanda ya usalama ni marekebisho ambayo hata mtetezi wa uasilia hapaswi kuyapinga. Injini za zama hizo pia zilitegemea risasi iliyokuwa ndani ya petroli kulainisha vikalio vya valvu. Petroli ya risasi ilipoondolewa, Marekani mwaka 1996 na nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006, ilibidi vikalio vigumu vya chuma vifungwe wakati wa kukarabati kichwa cha injini, hasa kwa gari linalobeba mzigo au kwenda kasi.

Spea za Chevrolet za 1955 hadi 1957 na Mustang za kwanza hutengenezwa upya kwa wingi, kuanzia vitasa na mpira wa milango hadi bodi nzima za bati jipya, kiasi kwamba gari linaweza kuunganishwa bila kipande kimoja cha zamani. Mwenye Packard, Hudson au DeSoto hana bahati hiyo. Kioo cha mbele kilichopinda hadi pembeni, kikivunjika, huenda asikipate dukani popote; hutafuta gari jingine bovu la mwaka huo huo, hulinunua zima, na kukitoa kioo chake.